Kalongolongo ya kompyuta: Mwanasesere analala, mchezaji anakesha

Bila shaka ulipokuwa mdogo ulicheza kalongolongo. Mlichora nyumba mchangani kwa kijiti, mmoja akawa baba, mwingine mama, na waliobaki wakawa watoto. Matope yalikuwa ugali na majani ya ua yalikuwa sukuma wiki. Mchezo huo haukumgharimu mzazi hata senti moja, na jua lilipotua mama aliita kutoka mlangoni, mkatawanyika kila mmoja kwenda kwao kuoga, kula na kulala.

Kalongolongo hiyo sasa imeingia katika kompyuta, na huko hakuna jua linalotua. Mmoja kati ya michezo mipya ya aina hii ambayo imezungumzwa sana ni ule uitwao inZOI, uliotengenezwa na kampuni ya Krafton ya Korea Kusini. Ulianza kuuzwa tarehe 28 Machi 2025, ukiwa bado katika hatua ya majaribio, na katika wiki ya kwanza nakala milioni moja zilinunuliwa duniani.

Wazazi huniuliza, "Daktari, michezo hii ni mibaya?" Vijana nao huniuliza, "Daktari, si afadhali niwe nyumbani nikicheza kuliko kuzurura mtaani?" Maswali yote mawili ni ya haki, na hakuna linalojibika kwa neno moja. Juma hili tuutazame mchezo huu kama tunavyotazama dawa yoyote mpya inayoletwa sokoni: ina faida gani, ina madhara gani, na kipimo chake ni kipi.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Michezo ya kuigiza maisha si jambo geni. Mwaka 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa Tamagotchi, kidude chenye umbo la yai ambacho ndani yake alikaa mnyama wa kulishwa, kusafishwa na kutibiwa kwa kubonyeza vitufe. Ukimsahau, hufa. Mwezi wa Februari 2000 ukatoka mchezo wa The Sims, kazi ya Mmarekani Will Wright. Bwana huyu alipoteza nyumba yake katika moto mkubwa uliounguza sehemu ya Oakland, California, mwaka 1991. Kazi ya kujenga upya na kununua vyombo upya ilimfanya afikirie sana ni vitu gani hasa binadamu anavihitaji ili aishi. Alichota pia katika mawazo ya mwanasaikolojia Abraham Maslow, ambaye mwaka 1943 aliandika kwamba mahitaji ya binadamu yana ngazi: kwanza mwili, yaani chakula, maji na usingizi, kisha usalama, kisha upendo, kisha heshima.

inZOI unafuata nyayo hizo hizo. Watu wake huitwa Zoi. Mchezaji huwaumba kwa mkono wake: uso, nywele, mavazi na tabia. Huwajengea nyumba, huwatafutia kazi, huwaoza na kuwalelea watoto. Huweza kuwapeleka kuishi Dowon, mji uliochorwa kwa mfano wa miji ya Korea, au Bliss Bay, uliochorwa kwa mfano wa pwani ya California. Zoi hutembea mjini na huendesha magari. Anayetenda mema huhesabiwa mema, na anayetenda maovu huhesabiwa maovu. Kwa wenye kompyuta inayoweza, kuna sehemu inayotumia akili unde, ambayo huwawezesha Zoi kujiamulia mambo wenyewe badala ya kungoja amri.

Jambo linalonivutia mimi kama daktari ni hili. Kila Zoi ana vipimo vinane vya mahitaji: njaa, usafi, usingizi, choo, burudani, maingiliano na watu, kutambuliwa, na nguvu za mwili. Kipimo kikishuka, rangi yake hubadilika na Zoi hudhoofika au hununa. Kazi ya mchezaji ni kuangalia vipimo hivyo visishuke.

FAIDA ZAKE

Tuanze na mema, maana yapo.

Kwanza, mchezo huu hauna haja ya bunduki. Michezo mingi ambayo vijana wetu huicheza katika vibanda vya mitaani ni ya kupiga risasi au ya mpira. Huu ni wa kupanga. Mchezaji hufikiria kodi ya nyumba, mshahara, saa ya kuamka na chakula cha jioni. Kijana anayeona mwanasesere wake akikosa pesa kwa sababu alinunua kochi kabla ya kulipa madeni, amepata somo ambalo wazee wengine hulipata wakiwa na miaka hamsini.

Pili, unafundisha kwamba mwili una mahitaji ambayo hayangoji. Mimi nimewahi kueleza mara nyingi ofisini mwangu kwamba usingizi na chakula ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakilipi deni la kingine. Mchezo huu unalionyesha jambo hilo kwa picha. Zoi aliyeshiba lakini hakulala bado hawezi kufanya kazi. Tena waundaji wake wamekumbuka kuweka kipimo cha kutambuliwa, yaani kuthaminiwa na wenzako. Hicho ni kitu ambacho hata sisi madaktari tunasahau kumwuliza mgonjwa.

Tatu, ni burudani inayoweza kutuliza moyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha uchunguzi uliohusu watu zaidi ya 3,000 waliocheza michezo miwili, mmojawapo ukiwa Animal Crossing: New Horizons, ambao pia ni wa kuigiza maisha ya kijijini. Hawakutegemea kumbukumbu za wachezaji peke yake, bali walipewa na kampuni saa halisi zilizochezwa. Waliona kwamba waliocheza zaidi walikuwa na hali ya moyo nzuri zaidi kwa kiasi kidogo. Mwaka 2022 walichapisha uchunguzi mkubwa zaidi wa watu karibu 39,000 na michezo saba, na safari hii wakaona kwamba wingi wa saa peke yake ulikuwa na athari ndogo mno, ikiwa ipo, juu ya hali ya moyo. Kilichohusiana na hali ya moyo ni sababu ya kucheza. Anayecheza kwa kupenda huwa afadhali. Anayecheza kwa kuwa anahisi lazima, huwa vibaya. Tafadhali likumbuke jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Nne, kuna watu ambao mlango wa nje umefungwa kwao kwa muda. Mtoto aliyevunjika mguu na kufungwa plasta, au mgonjwa anayepata nafuu polepole baada ya upasuaji, anaweza kupata ndani ya mchezo kama huu kitu cha kufanya na kufikiria. Sioni ubaya wowote hapo.

KASORO ZAKE

Sasa tuje upande wa pili.

Kasoro ya kwanza ni ya wakati. Katika The Sims, dakika moja ya mwanasesere ni sekunde moja ya saa yako. Siku yake nzima ni dakika 24. inZOI nao huyakimbiza maisha kuliko saa ya ukutani. Kwa hiyo mwanasesere hujifunza kupika, hupandishwa cheo na hupata mchumba kabla wewe hujamaliza chai. Maisha hayaendi hivyo. Mfupa wa mkono wa mtu mzima uliovunjika huchukua takriban wiki 6 kushika. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6. Shinikizo la damu likishakuingia, huenda ukaishi nalo miaka yako yote. Kijana aliyezoea maendeleo ya dakika tano huvunjika moyo haraka anapogundua kwamba kupunguza kilo mbili huchukua majuma kadhaa.

Kasoro ya pili ni kwamba mchezo hauna mwisho. Mpira wa miguu una dakika 90 na refa mwenye kipenga. Bao humalizika kete zikiisha. Mchezo wa kuigiza maisha hauna kipenga. Kila jambo likiisha, jingine limeanza: mtoto amezaliwa, jiko limechakaa, jirani amekuja kubisha hodi. Hakuna mahali pa kawaida pa kusimama, na hapo ndipo usiku unapopotelea.

Kasoro ya tatu ni ya sura. Wachezaji wengi wameusifu mchezo huu kwa uzuri wa picha zake, na kweli unapendeza. Lakini sura nyingi ndani yake ni za ngozi laini isiyo na kipele, miili myembamba na mavazi kama ya filamu za Kikorea zinazoonyeshwa katika televisheni zetu. Msichana wa miaka 14 anayetazama nyuso kama hizo kwa saa nyingi, kisha akajitazama kwenye kioo, anaweza kuanza kuuona uso wake kama kosa. Tayari tunao wasichana wa kutosha wanaojiharibu ngozi kwa krimu za kujichubua. Hatuhitaji sababu nyingine.

Kasoro ya nne ni uhaba wa maisha yenyewe. Wachezaji wengi walilalamika mwanzoni kwamba Zoi wanapendeza lakini mazungumzo yao ni mepesi, na urafiki wao hauna kina. Kwa daktari, hilo si jambo dogo. Urafiki wa kuchagua maneno kutoka kwenye orodha hauwezi kumfundisha mtoto jinsi ya kuomba msamaha, wala jinsi ya kukaa kimya na mtu aliyefiwa.

Kasoro ya tano ilitokea mchezo ulipoanza kuuzwa. Wachezaji waligundua kwamba iliwezekana kuwagonga watoto kwa gari na kuwaua. Kampuni ilisema jambo hilo halikukusudiwa bali lilikuwa hitilafu, ikalirekebisha upesi. Ilifanya vyema. Lakini mzazi ajifunze jambo moja: mchezo ulio katika hatua ya majaribio ni kama jengo ambalo mafundi bado wako juu ya paa. Usimwachilie mtoto humo kabla ya kuingia mwenyewe ukatazama.

Kasoro ya sita ni mfuko. Mchezo ulianza kuuzwa kwa dola 39.99 za Marekani, ambazo ni zaidi ya shilingi 5,000 za Kenya. Hiyo ni kabla ya kompyuta. Unahitaji mashine yenye kadi ya picha isiyopungua nguvu ya RTX 2060, memori ya gigabaiti 12 na nafasi ya gigabaiti 40 au zaidi. Kompyuta ya kawaida ya ofisini haiwezi. Katika nyumba ambayo bima ya afya haijalipwa, hesabu hiyo ifanywe kwanza mezani, si dukani.

VIPIMO VINANE, UKIWA WEWE

Kasoro kubwa kuliko zote sikuitaja bado, kwa kuwa haimo ndani ya mchezo. Imo katika kiti mbele ya kompyuta. Mchezaji hukodolea macho vipimo vinane vya mwanasesere, na wakati huo huo vyake mwenyewe vinashuka bila mtu wa kuviona. Humkimbiza Zoi chooni huku yeye amebana mkojo. Humlaza Zoi saa nne usiku huku yeye akikesha hadi saa tisa. Basi hebu leo tuvipime vya kwako.

Njaa. Je, ulikula chakula au ulitafuna tu? Mchezaji wa muda mrefu hula vitu vya mkono mmoja: krispi, biskuti, mandazi na soda. Sukari na chumvi huingia bila kuhesabiwa, na matunda hayaonekani. Kula mezani, mbali na kompyuta. Tumbo hutuma habari ya kushiba polepole, na akili iliyo kwingine haiisikii.

Usafi. Meno yaliyolala na soda usiku kucha huoza, hata ya mtu mwenye umri wa miaka 20. Mswaki kabla ya kulala si jambo la watoto wadogo peke yao.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtu mzima asipungue saa 7. Mwanga wa kompyuta karibu na macho usiku huuchelewesha ubongo kutoa homoni ya usingizi, na msisimko wa mchezo huongezea. Mwanafunzi asiyelala hasahau masomo kwa uvivu. Ubongo wake haukupewa nafasi ya kuyaweka ghalani.

Choo. Kubana mkojo mara kwa mara huwapa bakteria nafasi ya kuzaana katika kibofu, hasa kwa wasichana na wanawake. Kubana haja kubwa huleta kufunga choo, na kwa watoto hilo huleta maumivu ya tumbo ambayo mzazi huyadhania kuwa minyoo. Ukihisi haja, inuka. Mwanasesere atakungoja.

Burudani. Hiki ndicho kipimo ambacho mchezo hukijaza kweli. Lakini jiulize swali la wale watafiti wa Oxford: unacheza kwa sababu unapenda, au kwa sababu usipocheza unahisi vibaya?

Maingiliano na watu. Hesabu watu uliozungumza nao leo ana kwa ana, wenye pumzi. Kama ni wanasesere watano na binadamu hakuna, kipimo hiki kimekuwa chekundu.

Kutambuliwa. Nani amekuambia leo kwamba umefanya vyema? Hapa ndipo mizizi ya tatizo hujificha, nasi tutaona hivi punde.

Nguvu za mwili. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa juma. Kukaa kitini saa nyingi mfululizo hupunguza mwendo wa damu miguuni, na mara chache damu huganda katika mishipa ya ndani, jambo la hatari. Shingo hukakamaa, kiuno huuma, na vifundo vya mikono hushika ganzi.

Niongeze cha tisa ambacho mchezo hauna: macho. Mtu anayekodolea kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, kwa hiyo macho hukauka, huwasha na huwa mekundu. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Na kama katika jamaa yenu kuna mwenye kifafa, fahamuni kwamba mwanga unaomweka haraka unaweza kumwamsha kifafa mtu wa aina fulani, na kukosa usingizi huongeza hatari hiyo. Hayo si mapepo wala uchawi, ni ugonjwa wa ubongo unaotibika. Mpeleke hospitali.

LINI MCHEZO HUWA UGONJWA?

Mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa miaka 20. Alisema, "Daktari, huyu kijana amerogwa na kompyuta. Analala mchana, anaamka usiku, hataki kwenda hata kanisani." Kijana alilalamika kuumwa kichwa na macho. Nilipomwomba mama atungoje nje kidogo, kijana alinieleza kwamba alimaliza kidato cha nne akapata alama nzuri, lakini karo ya chuo haikupatikana. Marafiki zake walikwenda, yeye akabaki. Mjomba aliye ng'ambo alimtumia kompyuta ili imsaidie kutafuta kazi. Alituma maombi mengi, hakujibiwa. Halafu akaniambia, "Daktari, mle ndani mtu wangu ana shahada. Ana kazi. Akirudi nyumbani kuna watu wanaomwambia pole kwa kazi."

Msomaji, kijana yule hakurogwa. Kipimo chake cha kutambuliwa kilikuwa kimefika chini kabisa, naye akatafuta mahali ambapo kinaweza kupandishwa. Alikuwa na dalili za msongo mzito wa moyo: kukosa hamu ya chakula, kujilaumu, kuamka alfajiri asiweze kulala tena. Kumnyang'anya kompyuta peke yake kungekuwa kama kumnyang'anya kilema gongo lake kabla ya kumtibu mguu. Tulianza na usingizi, tukafuata na mazungumzo ya kila juma na mshauri, na mama akakubali kumwambia neno jema angalau moja kwa siku. Alipunguza kucheza, hakuacha kabisa. Alianza kumsaidia jirani kurekebisha simu. Hakupona kwa dakika tano. Ilichukua miezi.

Si kila anayecheza sana ni mgonjwa. WHO ililiingiza tatizo la uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Wataalamu wengine walipinga, wakiogopa kwamba burudani ya kawaida itaitwa ugonjwa. Kwa hiyo masharti yake ni makali. La kwanza, mtu ameshindwa kujizuia: lini aanze, acheze kiasi gani, aache lini. La pili, mchezo umetangulia mbele ya mambo yote mengine ya maisha yake. La tatu, anaendelea au anaongeza hata baada ya kuona hasara yake. Mambo hayo yawe yameharibu masomo, kazi au jamaa yake, na kwa kawaida yawe yamedumu kwa muda wa miezi 12. Mwanafunzi anayecheza sana likizoni kisha akarudi shuleni na kusoma, huyo si mraibu.

Lakini hatari yenyewe si hadithi. Huko huko Korea Kusini, mwaka 2005, mwanamume mmoja katika mji wa Daegu alifariki baada ya kucheza mchezo wa StarCraft kwa takriban saa 50, akipumzika kidogo sana. Kuanzia Novemba 2011 serikali ya nchi hiyo iliwakataza watoto walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti kati ya saa sita za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Sheria hiyo ilifutwa mwanzoni mwa mwaka 2022, na jukumu likarudishwa kwa wazazi na watoto wenyewe. Hata wale wanaotengeneza michezo hii walifika mahali hapo: askari hawezi kumlaza mtoto wako, mzazi anaweza.

USHAURI

Kwa mzazi: kaa kando ya mtoto wako ukamtazama akicheza japo mara moja. Mwulize, "Huyu wako anaitwa nani? Anataka nini maishani?" Utashangaa. Watoto humwekea mwanasesere yale wasiyoweza kusema kwa midomo yao. Anayejenga nyumba yenye baba ndani, kila mara, huenda anakuambia jambo.

Kompyuta iwe sebuleni, si chumbani mwa mtoto. Kabla ya kununua, angalia alama ya umri iliyowekwa kwenye mchezo. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hahitaji kioo chochote cha kucheza, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Hayo ni maelekezo ya WHO ya mwaka 2019. Kwa walio wakubwa, msipigane juu ya saa. Pataneni juu ya yale yanayotangulia: masomo, kazi za nyumbani, chakula mezani, mwili kutoka jasho, na usingizi. Kinachobaki ni cha mchezo. Mchezo ufungwe saa moja kabla ya kulala.

Kwa kijana: weka saa ya kengele mbali na kiti chako, ili ikilia ulazimike kuinuka. Kila Zoi wako anapokwenda chooni, kula au kulala, jiulize kama nawe si zamu yako. Na kama umegundua kwamba unacheza ili usifikirie jambo fulani, mtafute mtu umwambie jambo hilo. Anaweza kuwa mwalimu wa ushauri nasaha, shangazi, kasisi, imamu au daktari.

Usingoje hadi miezi 12 iishe. Nenda hospitali mapema kama mtoto ameacha shule, anaiba pesa za kununulia michezo, anakuwa mkali kupita kiasi anapozuiwa, au anasema maisha hayana maana. Jambo hilo la mwisho ni la dharura, mpeleke siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya afya ya akili, na Nairobi kuna Hospitali ya Mathari. Kwenda huko si aibu, kama vile si aibu kwenda kupimwa malaria.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale walioniuliza ni hili: mchezo huu si sumu, wala si dawa. Umetengenezwa vizuri, una kasoro zake, na unaweza kukufurahisha Jumamosi alasiri. Lakini mwanasesere wako hakuombi chakula kwa njaa halisi. Wewe ndiwe mwenye tumbo, kibofu, macho na moyo. Yeye akikosewa, unaanza upya kwa kubonyeza kitufe. Wewe hukupewa kitufe hicho, kwa hiyo vipimo vyako vitazame kwanza, kisha ndipo utazame vyake.